Injini ya Kisima Barabarani

Viko vitabu vingi vinavyoeleza jinsi injini zilivyovumbuliwa, na vichache mno vinavyoeleza jinsi zilivyojaribiwa. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, kisha nikakiongoza chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na vitabu vya kiada vilivyopita mikononi mwangu vilimtaja Rudolf Diesel kwa sentensi moja au mbili: Mjerumani, mwaka 1892, injini isiyohitaji plagi. Mwanafunzi anayesoma hivyo huondoka akidhani kwamba mtu yule alilala usiku hana kitu, akaamka asubuhi na mashine ya kusaga mlangoni. Katika kurasa hizi nataka kueleza habari za pikipiki moja ya dizeli iliyoundwa uani kwa mtu, katika mji wa Rajkot huko India, mwaka 1992. Haikuwa pikipiki ya ajabu. Lakini katika kujaribiwa kwake barabarani niliiona historia ya injini hiyo ikipita upya mbele ya macho yangu, kwa muda wa wiki sita hivi, na tangu hapo sikuifundisha tena kama nilivyoifundisha zamani.

Msomaji aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa injini ya dizeli ni kitu gani. Sauti yake anayo masikioni. Kwetu kusini, upande wa Nachingwea, mashine ya kusaga ilikuwa Lister, iliyoundwa katika mji mdogo wa Dursley, Uingereza. Lister ile ilitoa nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni, uzito wake ulizidi kilo 300, na ilifungwa kwenye zege ili isitembee. Mama zetu walipofika na debe la mahindi kichwani waliyasikia mapigo yake tangu mbali na kujua kama foleni inakwenda au imekwama. Injini ya namna hiyo hukaa mahali pamoja maisha yake yote. Kumwambia mtu kwamba ndugu yake mdogo anaweza kupachikwa kwenye pikipiki na kwenda mjini ni sawa na kumwambia kwamba kinu kimeota miguu.

Sababu ya uzito huo ilikuwamo katika wazo lenyewe la Diesel. Alizaliwa Paris mwaka 1858 na wazazi wa Kijerumani, akasomea uhandisi mjini Munich, na alianza na hesabu kabla ya chuma. Aliona kwamba hewa ikigandamizwa sana hupata joto, na ikigandamizwa vya kutosha joto hilo litawasha mafuta bila cheche yoyote. Hesabu zake za kwanza zilitaka mgandamizo mkubwa hivi kwamba hapakuwa na chuma cha kuustahimili, ikambidi aupunguze kabla hata ya kuanza. Tarehe 10 Agosti 1893, katika kiwanda cha mashine cha Augsburg, alitia mafuta kwa mara ya kwanza. Mafuta yaliwaka kweli, na chombo cha kupimia kani ya ndani kikapasuka vipande vipande. Injini haikwenda. Ilipofika tarehe 17 Februari 1894 ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi, mizunguko 88, kisha ikanyamaza. Ni Februari 1897 tu ndipo Profesa Moritz Schröter wa Munich alipoipima rasmi, ikatoa karibu farasi 18 na kugeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za siku zile hazikulikaribia.

Hebu tuihesabu vizuri miaka hiyo. Wazo lilimaliziwa mezani mwaka 1892. Kazi ya kulifanya lizunguke ilichukua hadi 1897. Kitabu cha kiada hutaja mwaka wa kwanza na kuiruka mingine yote.

Na hata 1897 majaribio yalikuwa hayajaisha, ila Diesel alikuwa ameanza kuuza leseni zake kwa makampuni ya nchi nyingi. Injini iliyopelekwa mwaka 1898 katika kiwanda cha viberiti cha Kempten iliwasumbua wenyewe sana, na haikuwa peke yake; wateja wa mwanzo walipokea mashine ambazo zilikuwa bado zinajifunza kutembea. Fedha na afya ya Diesel vilikwenda pamoja. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka katika meli ya Dresden iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Harwich, na mwili wake ukaonekana baharini siku za baadaye. Watu wamependa kuuliza aliuawa na nani. Mimi, nikiwa mwalimu, nimekuwa nikijiuliza zaidi ingekuwaje kama angeongezewa miaka mitano ya kujaribu kabla ya kuuza.

Injini zake za mwanzo zilirushia mafuta ndani kwa hewa iliyogandamizwa na pampu nyingine kubwa, na pampu hiyo ndiyo iliyoifunga dizeli kwenye meli na viwanda. Ilipasa kwanza kupata njia ya kusukuma mafuta yenyewe, tone dogo mno, kwa kani kubwa mno, kwa wakati wake barabara. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kazi hiyo. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1933 Yamaoka Magokichi wa Osaka, mwanzilishi wa Yanmar, alitoa injini ndogo ya dizeli ya kumfaa mkulima. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaonyesha gari dogo la dizeli. Pikipiki ilibaki nyuma, na kwa haki. Pikipiki ya Bullet yenye silinda moja ya petroli ya sentimita za ujazo 350 ilikuwa na farasi kama 18. Injini ya dizeli ya ukubwa wa karibu huo, sentimita 325, ilitoa farasi 6 na nusu, na ilikuwa nzito zaidi. Nani angenunua theluthi ya nguvu kwa uzito wa ziada?

Jibu nililipata Gujarati, jimbo la magharibi mwa India. Kati yetu na rasi ya Kathiawar, ambako Rajkot iko, kuna udugu wa zamani. Maduka mengi ya miji yetu ya Afrika Mashariki yalifunguliwa na watu waliotoka huko kwa majahazi na baadaye kwa meli. Mimi nilikwenda kwa njia nyingine, katika mafunzo ya miezi minne ya walimu wa sayansi. Rajkot ni mji wa mashine za kukerezea na vyumba vya kuyeyushia chuma, na humo huundwa injini kwa mfano uleule wa Lister. Nilipoingia mtaa wa mafundi kwa mara ya kwanza nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake, kwa maana nilisikia mashine ya kusaga ya kwetu ikijaribiwa kila mlango.

Siku hizo serikali ya India iliweka bei ya dizeli chini sana kuliko ya petroli, kwa ajili ya wakulima na malori. Kwa hiyo wauza maziwa, wauza mboga na wachukuzi walikuwa na hamu ya kitu chochote cha kunywa dizeli. Kampuni ya Enfield kule Madras nayo ilikuwa na pikipiki yake ya dizeli, iliyoitwa Taurus, yenye ile injini ya sentimita 325 ya muundo wa kampuni ya Lombardini ya Italia. Lakini mafundi wa vichochoroni hawakuwa watu wa kungoja kiwanda. Injini zilezile ndogo zilizokuwa zikivuta maji visimani walizing'oa na kuzipachika kwenye fremu za Bullet zilizokufa injini. Kathiawar yote ilikuwa na magari ya magurudumu matatu yaitwayo chakda, mbele pikipiki, nyuma tela, katikati injini ya kisima ikitikisa abiria kumi na zaidi.

Jirani na nyumba tuliyolazwa palikuwa na karakana ya fundi mmoja kijana. Hakujua Kiingereza wala mimi sikujua Kigujarati, ila mjomba wake, mzee wa miaka sabini, alizaliwa Tanga na aliondoka mwaka 1971, majumba yalipotaifishwa. Kiswahili chake kilikuwa kile safi cha pwani, kuliko changu. Jioni ya kwanza aliponisikia nikijisemea peke yangu mbele ya karakana, alitoka na kusema, "Karibu mwalimu, usisimame juani. Chai ipo." Sikujua amejuaje kwamba ni mwalimu. Nikamwita Mzee, naye akafurahi, akisema ilikuwa miaka ishirini hajaitwa hivyo na mtu aliyekuwa na maana nayo.

Mzee alinieleza mambo yalivyokuwa. Muuza maziwa mmoja alikuwa ametoa nusu ya fedha, na fundi alikuwa ameongeza za mkopo, wakanunua injini. Pikipiki ilitakiwa ibebe makopo manne ya maziwa, jumla lita 80, ipande mwinuko wa daraja la reli bila mtu kushuka kusukuma, na iwe tayari kabla ya sikukuu ya Diwali. Isipoweza, fedha zirudishwe, nazo zilikwisha kugeuka chuma. "Mpwa wangu ana kichwa kigumu," alisema Mzee, "lakini sikio lake zuri. Wewe una saa ya kuhesabu sekunde. Msaidie."

Basi nikawa mshika saa. Barabara ya kwenda Gondal ilikuwa na mawe ya kilomita, na hilo likatutosha. Kasi ya pikipiki tuliipima kwa sekunde kati ya jiwe na jiwe: sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa, sekunde 72 ni 50. Saa ya kasi iliyokuwa kwenye usukani hatukuihitaji, na hata hivyo ilikufa siku ya pili kwa mtikisiko.

Mtikisiko ndio uliokuwa mwalimu wa kwanza. Injini ya petroli ya Bullet hugandamiza hewa mara sita au saba; hii iligandamiza kama mara kumi na nane, na silinda ikiwa moja, kila pigo hulijibu peke yake. Siku ya kwanza tulikwenda kilomita nane na kurudi tukiokota nati. Taa ya mbele ilizimika, bamba la namba likakatika, na Mzee akasema maziwa yakisafiri hivi yatafika siagi. Fundi alivitoa vibao vya bati alivyofungia injini, akakata vipya kwa bamba la unene wa karibu mara mbili, akavishika fremu kwa boliti ndefu zaidi. Nilikumbuka ile zege ya mashine ya kusaga. Kumbe haikuwa ya kuizuia isiibwe.

Kisha ukaja ubishi wa gavana. Injini ya kisima imewekewa gavana ili izunguke kwa mwendo mmoja, maji yawe mengi au kidogo. Fundi aliunganisha waya wa mkono wa mafuta kwenye springi ya gavana hiyo, na hapo mpanda pikipiki hupata mshangao. Katika petroli ukisokota mkono kidogo, injini inavuta kidogo. Hapa ukisokota kidogo unaiambia injini zunguka kwa mwendo huu, nayo inajipa mafuta yote inayoyaweza hadi iufikie, kisha inajipunguzia. Pikipiki iliruka kama mbuzi, ikatulia, ikaruka tena. Kijana alibadilisha springi tatu. Ya nne aliitoa kwenye mashine ya kushonea ya mama yake, na ndiyo iliyofaa. Mama yake hakufurahi.

Jambo lililotuchukua siku nyingi zaidi ni meno ya mnyororo. Kijana alikuwa ameweka sproketi ya mbele yenye meno 18, nyuma 38, akifikiri kwamba injini izungukayo polepole ihitaji gia ndefu ili ipate mwendo. Hoja hiyo ina mantiki, na wengi wanaounda pikipiki za dizeli huanza nayo. Tukapima. Gia ya tatu, kilomita moja kwa sekunde 62. Gia ya nne, sekunde 71. Yaani gia ya juu ilikuwa ya polepole kuliko ya chini yake, na moshi nyuma ulikuwa mweusi kama wa matairi. Usiku nilipiga hesabu kwenye daftari. Kwa meno 18, injini ikifika mwisho wake wa mizunguko 3,600, gurudumu lingekwenda kilomita 90 na zaidi kwa saa. Farasi 6 na nusu hawawezi kulisukuma pikipiki na mtu kwenye upepo kwa kasi hiyo, kwa hiyo injini haifiki kamwe mahali ilipo na nguvu zake. Inabaki chini, ikila mafuta na kuyatapika. Asubuhi nilipokwenda na daftari langu, kijana alikwisha kuweka sproketi ya meno 16. Alisema kupitia kwa Mzee kwamba alisikia injini "inalia kama mtu anayenyanyua gunia kwa mgongo." Sekunde 63 katika gia ya nne. Meno 14 hayakuwako dukani, akaenda kwa mkereza chuma wa mtaa wa pili wakachonga. Sekunde 58.

Nilimwonyesha hesabu zangu: kwa meno 14 mwisho wake ni kama kilomita 72 kwa saa, karibu na uwezo wa injini. Alizitazama kwa adabu, akatikisa kichwa upande upande kama wafanyavyo wao, maana yake ndiyo. Nadhani aliona ni jambo jema kwamba kalamu nayo inaweza kufika huko.

Ukabaki moshi. Injini ya dizeli haina kabureta. Kiasi cha mafuta huwekewa mpaka kwa skrubu, na wakati wa kurushwa kwake hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya bati vinavyowekwa chini ya pampu. Ukiongeza vipande, mafuta yanachelewa, ukipunguza, yanawahi. Yakiwahi mno injini inagonga kama nyundo, yakichelewa inakosa nguvu na bomba linapata joto. Kijana alikuwa na njia yake: kitambaa cheupe kilicholowa maji, akikishika mbele ya bomba huku akihesabu hadi kumi, kisha anakitundika kwenye kamba pamoja na vya jana na juzi. Kamba ile ilikuwa daftari lake. Mafuta tuliyapima kwa chupa ya nusu lita iliyofungwa kwenye fremu. Skrubu ikiwa wazi, nusu lita ilitupeleka kilomita 33. Alipoirudisha nyuma nusu mzunguko na kutoa kipande kimoja cha bati, nusu lita ileile ikatupeleka kilomita 36, na kasi ikapungua kwa sekunde moja tu katika kilomita. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Katika miaka yote ya kufundisha ufanisi wa injini ubaoni, nilikuwa sijapata kuuona kwenye kitambaa. Tone la mwisho la mafuta halisukumi chochote. Linatoka nyuma likiwa masizi.

Jioni moja tuliyokuwa tukingoja injini ipoe, upepo ulileta harufu ya mafuta ya karanga. Kathiawar ni nchi ya karanga, na viwanda vya kuzikamua viko kila upande. Nikamsimulia Mzee jambo ambalo Diesel mwenyewe alilieleza mwaka 1912: kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ikaenda vizuri hivi kwamba watu wachache tu walijua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria karanga za makoloni yake ya Afrika. Mzee alicheka sana. "Karanga za Afrika!" akasema. "Mwalimu, wewe si wa Nachingwea?"

Alijua anachosema. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mpango mkubwa wa karanga, kule Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Walileta matrekta kwa mamia, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta, wakajenga reli kutoka pwani ya kusini. Mvua, udongo mgumu na vichaka havikuwa vimejaribiwa kwanza kwenye shamba dogo kwa misimu ya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, baada ya mamilioni ya pauni kuzama ardhini. Mimi nilizaliwa wakati huohuo, na utoto wangu nilicheza juu ya vyuma vyake vilivyoota kutu. Walikuwa na wataalamu, fedha na injini nyingi kuliko Rajkot nzima. Kitambaa cheupe hawakuwa nacho.

Sisemi haya kuwabeza waliosoma, kwani nami ni mmoja wao na nimewafundisha wengine wasome. Ninachokataa ni ule utaratibu wa kulipa sifa wazo na kulinyima sifa jaribio. Chuoni kwetu, mwanachuo aliyeandika kanuni ya mgandamizo bila kosa alipata alama zote, na mwenzake aliyeweza kusikia kwamba pampu ya maji ya chuo inanyonya hewa hakupata hata moja, maana mtihani haukuwa na sehemu ya kusikia. Niliporudi niliomba tuweke katika mazoezi ya karakana alama za kupima, kubadilisha kitu kimoja tu na kupima tena. Tuliliweka. Walimu wenzangu waligawanyika, na ubishi wake haukwisha hadi naondoka.

Jaribio la mwisho lilifanyika siku tisa kabla ya Diwali. Makopo manne yalijazwa maji, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuhatarisha maziwa. Muuza maziwa alipanda mwenyewe. Sisi tulikuwa juu ya daraja la reli: Mzee, mimi, nusu ya mtaa, na kijana aliyejitenga kidogo, amekaa juu ya jiwe akitazama upande mwingine. Tuliisikia kabla ya kuiona. Iliingia mwinuko katika gia ya tatu, mapigo yakaanza kuachana, na nilifikiri imekwisha. Kisha ikashushwa gia ya pili, gavana ikafungua mafuta, na ikaja juu polepole kwa mwendo wa mtu anayekimbia, moshi wake ukiwa wa kijivu tu. Kijana aligeuka pale tu aliposikia gia ya pili ikishika. Mzee alimwambia kitu kwa Kigujarati, akanitafsiria: "Nimemwambia akalipe deni."

Tangu mwaka ule pikipiki za dizeli zimekwenda njia mbili. Taurus ilitoweka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kanuni za moshi zilipokazwa, na India ilipoiachia soko bei ya dizeli mwaka 2014, ile tofauti iliyowazaa mafundi wale ilikuwa imepungua sana. Kwa upande mwingine, jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani lilipata pikipiki ya dizeli yenye nguvu, iliyotokana na Kawasaki KLR650 na kuwekewa injini mpya ya sentimita 584, kwa sababu majeshi ya NATO yalitaka vyombo vyote vitumie mafuta ya aina moja. Huko Ujerumani na Uingereza wako wapenzi wanaoziunda hadi leo kwa fremu za Enfield na injini za jenereta, Hatz ya Kijerumani au Yanmar na mifano yake ya Kichina. Wanasumbuliwa na mambo yaleyale: mtikisiko, gavana, meno ya mnyororo, moshi. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuiruka hatua yoyote, awe na vyombo vya namna gani. Kwetu bodaboda zimebaki za petroli, na sasa za umeme zimeanza kuzichukua barabara. Injini za Kichina za dizeli tunazo tele, zinavuta maji bondeni na kulima mpunga, na sijaona aliyezipandisha pikipiki.

Mzee wa Tanga aliniandikia mara mbili baada ya kurudi. Barua ya kwanza ilikuwa ya salamu. Ya pili ilisema deni limelipwa na kijana ameagizwa pikipiki nyingine mbili. Ila muuza maziwa, alisema, aliifungua ile skrubu ya mafuta wiki ya kwanza, apate kuongeza kopo la tano, na sasa inatoa moshi kuliko treni. Na fundi, kila akiisikia inapita, anaingia ndani na kufunga mlango.